Mkia wa Mbele

Kule Fairbanks, mji wa kaskazini kabisa kwenye barafu, gari lina mkia, na mkia wenyewe uko mbele. Ni waya mfupi wenye plagi unaotokeza katikati ya grili na kulala juu ya bampa. Baridi ikizidi, ile baridi ya mate kuganda kabla ya kufika chini, unaunganisha mkia huo na nguzo ya umeme pale ulipoegesha, hita inapasha injini usiku kucha, na asubuhi gari linawaka. Usipofanya hivyo, asubuhi unakuta jiwe lenye magurudumu. Mwenyeji hili analijua tangu utotoni. Askari aliyeletwa kutoka nchi za joto hujifunza kuchomeka, kwa sababu anaogopa. Kuchomoa ndiko anakosahau.

Orrin Prater alimfahamu Naputi kwa sababu ya kuchomoa.

Ilikuwa asubuhi, giza bado limeshika kila kitu kama kawaida ya majira yale, na Prater alikuwa akiendesha kuelekea lango la kambi ya jeshi. Mbele yake kulikuwa na gari dogo jekundu, na nyuma ya gari hilo waya mrefu wa rangi ya chungwa ukiruka juu ya barafu kama nyoka anayefukuzwa. Watu waliokuwa njiani walipunga mikono na kupiga kelele. Dereva naye akawapungia, mmoja mmoja, kwa heshima zote.

Prater akampita, akamsimamisha pembeni.

"We bwana, unauza nyaya?"

"Nini?"

"Shuka uone."

Kijana mnene aliyevaa makoti mawili akashuka, akazunguka nyuma ya gari, akatazama. Akashika kiuno.

"Kumbe! Na mimi nilikuwa nawaza watu wa huku wakarimu sana. Kila mtu ananipungia mkono! Nilitaka nimwandikie mama."

Huyo ndiye Naputi, mtu wa Guam, kisiwa ambako baridi iko ndani ya friji na ukitaka kuiona unafungua mlango. Alikuwa ameletwa kombania ileile ya Prater, karakana ileile, fundi wa magari vilevile. Hata cheo kilikuwa kimoja, kile cha askari mzoefu ambaye haamrishi mtu. Tofauti ni kwamba Naputi alikuwa amekipata juzijuzi, na Prater alikuwa amekaa nacho mpaka kimeanza kumnukia. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Wenzake wa umri huo walikuwa na mistari kifuani na watu wa kuwafokea. Yeye mara mbili aliitwa mbele ya baraza la kupandishwa cheo, na mara mbili aliketi mbele ya ile meza ndefu akasahau hata jina la silaha yake. Si kwamba hakujua. Ulimi wake ulikuwa wa watu wa milima ya Kentucky, watu wanaoweza kukaa na mgeni barazani mchana kutwa wakasema neno moja, na neno lenyewe ni kuhusu mvua.

Waya wa Naputi ulikuwa umeng'oka mpaka kwenye hita. Prater akautengeneza Jumamosi hiyo, nyumbani kwake, kwenye nyumba aliyopanga nje ya mji ambako lami inakwisha na miti myeupe inaanza. Alipomaliza akakaa akiitazama bampa. Akachukua kipande cha bati la chuma, akakikunja, akakitoboa, akakipa mdomo na ulimi wa chuma chepesi. Kile kidude kilishika plagi imara pale mbele ya bampa, ikitazama moja kwa moja kwenye nguzo. Dereva msahaulifu akirudi nyuma, waya wa nguzo unavutwa sawasawa na kuchomoka wenyewe, hakuna kinachokatika.

"Jaribu," alisema.

Naputi akapanda garini, akarudi nyuma kwa nguvu kama mwizi. Waya ukaachia, ukaanguka kwenye theluji. Akafungua dirisha.

"Mzee! Hii tuuze!"

"Nani anunue?"

"Mjinga yeyote aliyeletwa hapa kwa lazima. Na kambi nzima imeletwa kwa lazima."

Ndivyo biashara ilivyoanza. Waliomba ruhusa kwa kapteni wa kombania kama sheria inavyotaka, naye akatia sahihi, akawaonya kwamba kazi ya serikali na kazi yao zisikutane hata kwenye spana moja. Jina alilitoa Naputi: Mkia wa Mbele. Prater alikata, akakunja na kuchomelea. Naputi aliongea na wateja. Yule bwana angeweza kumuuzia samaki maji. Mama akija kutengenezewa gari la mumewe, Naputi alimuuliza habari za mume, za mbwa wa mume, na mwisho mama aliondoka na vidude viwili na bado anacheka. Maduka mawili ya vipuri mjini yakakubali kuvitundika karibu na mahali pa kulipia. Hawakutajirika. Lakini mtu akisimama kwenye maegesho ya duka kubwa aliweza kuona bampa moja hapa, nyingine pale, zenye kile kidude, na Prater alikuwa akipita taratibu kuzitazama, akijifanya anatafuta gari lake.

Hela haikuwa ndiyo hasa. Prater hakumwambia mtu hili, lakini kabla ya Naputi alikuwa anatoka kazini Ijumaa, anafunga mlango, na hatumii sauti yake mpaka Jumatatu. Jumatatu ikitoka ina kutu, inabidi akohoe kwanza. Sasa Jumamosi, mwanga ukichungulia, lile gari jekundu lilikuja na Naputi akaingia bila kubisha, na chungu chake cha umeme cha kupikia wali kwapani, na kelele.

"Mzee, nyumba yako inanuka mtu aliyekufa. Fungua pazia!"

"Lipo wazi."

"Sasa jua liko wapi?"

"Linakuja."

"Linakuja! Kama mshahara."

Walikula wali na nyama ya kopo iliyokaangwa, na mchuzi wa ndimu na pilipili uliomtoa Prater machozi kila mara, na mkate wa mahindi aliooka Prater kwa namna ya kwao. Walifanya kazi mpaka mikono ikachoka. Kila Naputi alipogusa chuma cha baridi kwa mkono mtupu alipiga ukelele: "Naenda nyumbani! Juni nikimaliza mkataba wangu, naenda nyumbani, hamnioni tena!" Prater alicheka kimoyomoyo. Kila askari husema hivyo.

Na ni Naputi aliyemvusha baraza. Safari ya tatu ilipokaribia, alikalia ndoo iliyopinduliwa katikati ya gereji, akajitia kuwa mwenyekiti, akarembua macho, akauliza maswali kwa sauti ya bibi kizee. "Mwanangu Prater, eleza hatua za kumhudumia aliyepigwa na baridi. Na usinitazame miguu." Prater akijibu kwa kigugumizi, Naputi alimtupia tambara. Wiki baada ya wiki alimuuliza, mpaka majibu yakawa yanatoka yenyewe. Siku ya baraza lenyewe Prater aliwatazama wale wakubwa mezani, akawaona wote wamekalia ndoo. Akajibu kila kitu.

*

Sajenti Meja Spruill, mwanamke mfupi aliyeogopwa na watu warefu, alimwita ofisini Jumatatu moja.

"Kaa, Prater."

"Niko sawa nimesimama, Afande."

"Sikukuuliza uko vipi. Kaa."

Akakaa.

"Orodha imetoka, na jina lako limo. Mwezi ujao unavaa mistari mitatu. Hongera."

"Asante, Afande."

"Mbona uso kama mtu aliyefiwa na ng'ombe?"

"Ndivyo ulivyo, Afande. Nilizaliwa nao."

Spruill akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Sasa la pili. Wewe na Naputi na vile vyuma vyenu. Kapteni aliruhusu kwa sababu mlikuwa sawa. Sajenti hafanyi biashara na askari wa chini. Hakuna ubia, hakuna nusu kwa nusu. Ukivaa cheo, ubia unakufa. Umnunue, au akununue, au mfunge. Na ukibaki nayo wewe, usimuuzie yeyote aliye chini yako. Hata kimoja. Hata akikulilia."

"Na akija nyumbani tu, Afande? Jumamosi. Bila biashara."

"Kufanya nini?"

"Kula."

Sajenti Meja aliweka kalamu chini.

"Prater, leo akila wali kwako, kesho ni zamu ya kupeleka mtu kulala porini kwenye barafu, na wewe ndiye unayechagua. Utamchagua? Ukimchagua, umemuumiza rafiki. Usipomchagua, wengine wote watajua kwa nini. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Lakini nimeiona ikivunjwa, na nimeona inavyoisha."

"Na nikikataa cheo?"

Hapo Spruill aliegemea nyuma.

"Umekaa na hicho cheo ulicho nacho mpaka mwisho wa muda unaoruhusiwa. Ukikataa kupanda, mkataba wako unakwisha Juni na hawakuongezei. Unatoka mikono mitupu. Pensheni huna. Utafanya nini?"

"Hii mikia."

"Na nani?"

"Na Naputi. Wake nao unakwisha Juni."

"Umemuuliza?"

Prater akatazama kofia yake magotini.

"Nenda kamuulize," alisema Spruill. "Halafu uniletee jibu Jumatatu ijayo. Si kabla ya kumuuliza. Umenisikia?"

"Nimesikia, Afande."

*

Wiki ile Prater alitembea kama mtu mwenye siri nzuri. Akilini alikwisha kukataa cheo. Kuuliza kulibaki kama kutia mhuri tu. Alipita kwenye jengo tupu lililo jirani na dobi mmoja, barabara ya kwenda mjini, akaweka viganja machoni akachungulia dirishani. Lilikuwa na mlango mpana wa kuingiza gari na sakafu nzuri ya zege. Mashine ya kutoboa angeiweka kule nyuma. Naputi angekaa mbele, karibu na mlango, mahali pa kumdaka mteja. Ingebidi jiko la kupasha moto liwe kubwa, maana Naputi bila joto hafanyi kazi, analia tu.

Akaenda mbali zaidi. Nyumbani kwake kulikuwa na chumba cha nyuma kilichojaa matairi ya zamani na maboksi. Akitoka jeshini Naputi asingekuwa na bweni la kulala, basi angelala wapi? Prater akahamisha matairi. Akafagia, akapangusa dirisha kwa gazeti, akanunua godoro na kulipakia juu ya gari, likapeperuka njia nzima. Akaliweka chumbani, bado limevaa nailoni yake. Akasimama mlangoni akalitazama. Kisha akaleta taa ya sebuleni akaiweka kando ya godoro, na sebule yake ikabaki giza.

Jumamosi Naputi aliingia amebana visigino, amepiga saluti kwa mkono uliobeba mwiko.

"Sajenti mteule! Askari Naputi yuko tayari kufokewa!"

"Umeshasikia."

"Kila mtu amesikia. Hata mpishi. Amesema sasa utaanza kupewa yai zima." Akachomeka chungu cha wali. "Mbona hufurahi? Nimepoteza usiku wangu wote juu ya ndoo, makalio yana alama ya duara mpaka leo, halafu mtu hafurahi."

"Nimefurahi."

"Basi waambie mashavu yako."

Prater alifuta mikono kwa tambara muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Njoo nikuonyeshe kitu."

Akampeleka chumba cha nyuma. Naputi akachungulia.

"Ala! Unapata mgeni? Mama yako anakuja?"

"Mama alishafariki."

"Samahani, Mzee, nilijua, nimesahau. Nani sasa? Mwanamke?" Akampiga kiwiko. "Una mwanamke hukuniambia!"

"Sikiliza," Prater alisema, kisha akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema kwa mara moja tangu azaliwe. Alisema kwamba ubia na cheo haviwezi kukaa pamoja. Alisema amefikiri na cheo atakikataa. Kwamba Juni wote wawili watakuwa huru. Kwamba lipo jengo karibu na dobi, na zege lake ni zuri. Kwamba watu wa basi za shule wameulizia vidude vingi, na wale wa mgodini, na wakiwa wawili kila siku badala ya Jumamosi peke yake, wataweza. Kwamba chumba hiki hakina kodi, kina dirisha, na mchana wa kiangazi unaonekana mti mmoja mzuri.

Naputi hakumkatiza. Hilo peke yake lilikuwa ishara mbaya, kwa sababu Naputi alimkatiza hata padri.

Jikoni chungu cha wali kikatoa mlio wa kuiva. Hakuna aliyekwenda.

"Mzee," Naputi alisema, "mimi Juni naenda nyumbani."

"Kwa likizo."

"Nyumbani. Kukaa. Kaka yangu ana gereji ya kuosha magari, ananisubiri. Mama amepaka chumba changu rangi. Kijani, rangi mbaya kweli, kanitumia picha."

"Hukusema."

"Nimesema kila siku! Kila nikishika chuma hapa napiga kelele naenda nyumbani. Ulidhani ni wimbo?"

"Kila askari anasema hivyo."

"Ndiyo. Na kila askari anaenda."

Prater akageuka kulitazama godoro. Nailoni ilikuwa ikimetameta chini ya ile taa. Aliona aibu, kama mtu aliyevaa nguo za harusi akafika msibani.

"Vinaweza kuuzwa na kule," alisema, na alijua ni upuuzi kabla hajamaliza.

Naputi alijaribu kucheka. "Kule gari lisipowaka, ni kuku ametaga kwenye injini." Kicheko kikafia njiani. Akaketi ukingoni mwa godoro, nailoni ikalia chini yake. "Usikatae cheo, Mzee. Tafadhali."

"Ulijua? Ulipokuwa unanifundisha, ulijua nikipita biashara inakufa?"

"Nani asiyejua? Tuliambiwa wote siku ya kwanza jeshini. Wewe ulikuwa unaangalia nje, labda gari lilikuwa linapita."

"Sasa kwa nini ulinifundisha?"

Naputi alichezea uzi wa godoro.

"Kwa sababu ningeondoka na wewe ungebaki. Hapa, na miti hii." Akaonyesha dirisha kwa kidevu. "Jeshi angalau linaita jina lako kila asubuhi. Usipoitika, mtu anakuja kubisha mlango."

Prater alitaka kukasirika, lakini hakuona pa kushika. Hakuna aliyemdanganya. Miaka yote jeshini alikuwa ameona watu wakifungasha mabegi. Kila mwaka wanakuja, wanakula naye, wanaondoka, wanaahidi kupiga simu. Alikwisha kujifunza asimhesabu mtu yeyote. Halafu akamhesabu huyu.

"Wali unapoa," alisema.

Walikula. Baadaye wakagawana biashara kama ndugu wanavyogawana nyama, bila kupimiana: Prater abaki na mashine na jina, Naputi achukue haki yake, na hakuna aliyemkagua mwenzake. Walimaliza vidude vilivyokuwa vimekwisha kukatwa. Naputi alikigusa chuma cha baridi mara kadhaa kwa mkono mtupu. Hakupiga kelele.

*

Jumatatu Prater alisimama mbele ya meza ya Sajenti Meja.

"Nitavaa, Afande."

Spruill hakuuliza jibu la Naputi lilikuwa nini. Alisogeza karatasi akachukua kalamu.

"Nani atakuvisha? Wengine huleta wake zao, mama zao."

"Naputi."

"Prater."

"Ninajua, Afande. Mpaka dakika ile mimi na yeye ni sawa. Sheria inaanza baada ya hapo."

Sajenti Meja alijikuna shingo. "Haya. Naputi."

Walipanga mstari ndani ya karakana, milango mikubwa imefungwa kwa ajili ya baridi, malori yamesimama nyuma yao yakinuka dizeli. Jina lilisomwa. Prater alitoka mbele. Naputi akaja, amenyoa, buti zinang'aa, uso umefungwa kama mlango wa benki. Akashika kile kitambaa cha cheo kifuani kwa Prater, sawa na kile kilichokuwa kifuani kwake mwenyewe, akakibandua. Kilichanika kwa sauti, karaa, karakana nzima ikasikia. Akabandika kipya. Kisha, kama ilivyo desturi, akakunja ngumi akakishindilia, na watu wakashangilia. Alipiga kwa nguvu. Prater alirudi nyuma nusu hatua.

"Simama vizuri, Mzee," Naputi alinong'ona, midomo haitikisiki.

Halafu yeye ndiye aliyerudi nyuma, hatua nzima, akabana visigino.

"Hongera, Sajenti!" alisema kwa sauti ya gwaride, akiangalia mahali fulani juu ya paji la uso la Prater.

"Asante, Naputi."

Siku hiyohiyo Prater alihamishiwa upande mwingine wa kombania, kama wanavyofanya, ili asiamrishe waliokuwa wenzake. Aliwekwa juu ya watu wanne aliokuwa hajui hata wanatoka wapi. Kwenye ukumbi wa chakula alikaa na masajenti. Hawakuwa watu wabaya. Walimpa nafasi, wakampa chumvi, wakaongea kuhusu watoto wao na mikopo ya nyumba zao. Meza ya mbali ilikuwa ikivunjika kwa vicheko, na Prater hakuhitaji kugeuka kujua nani alikuwa anaongea. Wakikutana mlangoni ilikuwa hivi:

"Sajenti."

"Naputi."

Basi. Mara moja Naputi alifungua mdomo kuongeza kitu, lakini askari wawili walikuwa nyuma yake, akaufunga.

Godoro Prater hakulirudisha dukani. Alifunga mlango wa kile chumba ili joto lisipotee.

Jumamosi aliwasha jiko la gereji mapema akakata bati. Asubuhi ikapita. Alitoboa, akakunja, akapanga. Hakuna aliyekuja mpaka mchana, mwanga ulipokuwa umeanza kukunja mkeka, ndipo likasimama gari la mizigo na akashuka Bi Titus, dereva wa basi la shule, mama mtu mzima wa ukoo wa wenyeji wa pale, kofia ya manyoya imemfunika mpaka nyusi.

"Yule mnene yuko wapi?"

"Hayupo tena hapa."

"Alikuwa anachekesha."

"Ndiyo."

"Mjukuu wangu jana ameondoka na waya wa nguzo. Nipe kidude kimoja, na unifungie wewe, mikono yangu haitaki tena baridi."

Prater akalala chini ya bampa na kuanza kufunga. Akamweleza jinsi ule ulimi wa chuma unavyoachia. Bi Titus akasema ameelewa. Akamweleza kwa nini bati ni la unene ule na si mwingine. Akamweleza kuhusu boliti, kwamba zile za zamani zilishika kutu. Alisikia sauti yake ikiendelea, ikisema theluji ya kwao Kentucky ni ya maji, haikai, inafika shingoni mwa mtu na kuyeyuka. Ikisema bibi yake alikuwa akiiweka kwenye bakuli, akatia sukari na maziwa, watoto wakala. Hakujua habari hiyo imetoka wapi. Alikuwa hajamwambia hata Naputi.

Bi Titus alikuwa akipiga miguu chini, kulia, kushoto. Injini ilikuwa inaunguruma, na nyuma ya kioo kilichojaa ukungu watoto wawili walikuwa wanachora nyuso kwa vidole.

"Ngoja nikaze hii," Prater alisema.

"Umeshaikaza, mwanangu. Mara mbili."

"Naangalia tu."

Mama yule alitazama chini, kwenye buti za Prater zilizotokeza, na spana iliyokuwa ikizungushwa kwenye boliti isiyozunguka tena. Akaacha kupiga miguu.

"Haya," alisema. "Angalia vizuri."

Akasimama pale mpaka Prater alipomaliza.

Kisha alilipa, akapanda, akaondoka. Moshi wa gari lake ukaganda hewani, ukabaki juu ya barabara muda mrefu baada ya taa za nyuma kupotea kwenye miti. Prater alikuwa mlangoni bado na spana mkononi. Ndipo akakumbuka hakusema lile neno ambalo mwenye duka lazima aseme mteja akiondoka, lile ambalo hakuwahi kulisema kwa sababu siku zote alilisema Naputi.

"Karibu tena," alisema.

Sauti ilikuwa na kutu. Akakohoa, akasema tena, safari hii vizuri, kisha akavuta mlango chini.